Mume anataka tulipie levo ya klabu kwenye hoteli ya Disney, kaka naye anataka kuja kula humohumo. Nifanyeje?

Dada habari za kazi, naomba unisomee mpaka mwisho maana nimechanganyikiwa na tarehe zinakaribia.

Niko Ohio na mume wangu na watoto wetu wawili, mmoja ana miaka 9 na mwingine 5. Mama yangu mzazi ana miaka 68, amekuja kututembelea kutoka Tanga, ndo mara yake ya kwanza kupanda ndege, na mume wangu akasema mama harudi nyumbani bila kutembezwa, tumpeleke Disney World kule Florida mwezi wa nne watoto wakifunga shule. Nilifurahi sana kwakweli. Katika kutafuta hoteli tukaipata hii inaitwa Animal Kingdom Lodge, vyumba vinaangalia uwanja wa nyasi, twiga na pundamilia wanapita hapo chini, na majina yote ya Kiswahili, jengo linaitwa Jambo House, mkahawa mmoja Boma, mwingine Jiko, bwawa la kuogelea Uzima. Mama nilivyomsomea akacheka mpaka machozi. Na mama yangu kwa umri wote huo hajawahi kumuona twiga kwa macho yake, watu wanadhani ukitoka Tanzania basi twiga wanapita mlangoni kwenu.

Sasa mume wangu kaona kwamba hoteli hiyohiyo ina levo ya klabu, unakuwa na launji yenu juu, inaitwa Kilimanjaro Club, chakula kipo asubuhi mpaka usiku na kuna wahudumu wa kuwasaidia kupanga mambo yenu. Tofauti tuliyoiona kwa tarehe zetu ni dola 270 kwa usiku mmoja juu ya bei ya chumba cha kawaida, na hiyo ni kwa chumba kimoja. Sisi tunahitaji viwili kwa sababu mume wangu na mkwewe hawawezi kulala chumba kimoja, hilo halina mjadala. Na tunakaa usiku 5. Nikimwambia ni hela nyingi anasema mkwe wangu simfanyii ubahili, halafu anasema ukiwa levo ya klabu hata foleni za michezo hupangi. Mimi naogopa nikikataa ataona namvunja moyo, wenzangu wangapi wanalia waume zao hawataki hata kusikia habari za mama zao, wa kwangu anamheshimu mama mpaka raha.

Halafu kuna kaka yangu mkubwa. Yuko Texas na mke na watoto watatu, aliposikia safari na yeye akabuku, ila hoteli ya bei ya chini ya hukohuko Disney. Juzi kanipigia ananiambia sisi tutalala tu huku, kula tutakula kwenu si mmelipia launji chakula bure. Dada, kaka huyu ndiye aliyenilipia ada baba alipofariki. Nikajibu tu haya kaka, nikakata simu, tangu siku hiyo usingizi sina.

Nisisahau, mama ana magoti, kutembea mwendo mrefu hawezi. Na sisi ni Waislamu, pombe hatutumii.

Mama wa watoto wawili, Ohio

JIBU

Mama wa watoto wawili, pole na hongera pia, mume anayemgombania mkwe wake alale pazuri ni wa kumshikilia kwa mikono miwili. Barua yako nimeisoma mara tatu, na jambo lililonishika kuliko yote umeliweka mwishoni kama vile dogo, eti nisisahau mama ana magoti. Mdogo wangu, hapo kwenye magoti ya mama ndo jibu lako lilipo.

Levo ya klabu inamfaa mtu anayebaki hotelini. Ukiielewa hivyo mengine yote yanakaa sawa. Unacholipia kikubwa ni ile launji, na launji ina saa zake, asubuhi kifungua kinywa chepesi, mchana vitafunwa, jioni sahani ndogondogo za moto na baridi, usiku vitamu. Nani atakuwepo saa hizo zote? Sio wewe, na wala sio mume wako na watoto. Nyie mtatoka asubuhi kwenda kwenye bustani za michezo na mtarudi usiku mmebeba mtoto wa miaka 5 amelala begani. Mimi niliwahi kulipia levo ya namna hii kwenye hoteli nyingine ya bustani ya burudani, usiku 3, na katika siku zote hizo nilikaa ile launji mara mbili tu, tena moja nilikuwa nakimbizana na basi. Hoteli haikuwa na kosa lolote, kosa lilikuwa la ratiba yangu, na ile hela ingetosha kununulia watu wawili tiketi za siku nyingine ya kuingia bustanini.

Na Animal Kingdom Lodge ina jambo lake jingine la umbali. Zile hoteli zilizo karibu na bustani ya Magic Kingdom, kwa mfano Contemporary, mtu anaweza kutembea kwa miguu akarudi mchana akanywa chai akaenda tena. Lodge yenu usafiri wa Disney ni mabasi, ni ya bure na yanaingiza viti vya magurudumu, lakini kutoka Magic Kingdom mpaka Lodge na kurudi, ukijumlisha na kusubiri kituoni, zaidi ya saa nzima inaondoka. Huwezi kurudi kula kipande cha matunda na jibini. Bustani ya Animal Kingdom yenyewe ndo iko jirani.

Sasa hili la foleni nataka mume wako alisome mwenyewe, mpe simu. Levo ya klabu haikurushi foleni. Kuingia nusu saa kabla ya wengine kila siku ni haki ya kila mgeni aliyelala hoteli za Disney, hata kaka yako kwenye hoteli yake ya bei ya chini anayo. Kununua Lightning Lane, ile njia ya kulipia ya foleni fupi, siku 7 kabla ya kufika, haki hiyohiyo kwa wote, na inalipiwa mbali na chumba, uwe levo ya klabu usiwe. Yale masaa ya ziada ya usiku kwenye baadhi ya siku wanayapata wageni wa hoteli za daraja la juu, na Lodge yenu imo hata kwa mwenye chumba cha kawaida kabisa. Kwahiyo kama sababu yake kubwa ilikuwa foleni, imeisha, ile hela ya tofauti ingefanya kazi zaidi kwenye Lightning Lane za siku mbili zenye watu wengi.

Ila mama ni habari nyingine kabisa. Fikiria siku yake ilivyo. Ana miaka 68, magoti yanauma, Kiingereza sidhani kama ni cha kutosha kubishana na mtu wa mapokezi, yuko nchi ya watu. Nyie mmeenda. Chumba cha kawaida maana yake akisikia njaa inabidi ashuke mpaka The Mara, mkahawa wa kujihudumia kule chini karibu na bwawa, apange foleni, aagize, alipie, abebe trei. Hatashuka. Nawajua mama zetu, atasema nilikuwa sina njaa, mtarudi usiku mmkute na kipande cha mkate wa jana. Kwenye levo ya klabu anapanda lifti, launji ipo juu inaangalia ule ukumbi mkubwa wa mapokezi, chai ipo, matunda yapo, wahudumu siku ya pili wanamjua kwa sura, haagizi kitu wala hatoi hela. Halafu anarudi zake kwenye kibaraza anakaa na twiga. Hiyo siku ina thamani ya dola 270, na mimi nikiwa na mama yangu pale ningelipa bila kuuliza.

Kwahiyo ushauri wangu ni chumba kimoja tu kiwe cha klabu, cha mama, usiku zote 5, na wewe na watoto wote wawili muandikishwe humo pamoja naye, mnakuwa wanne. Mume wako achukue chumba cha kawaida. Hesabu yake iko hivi, vyumba viwili vya klabu tofauti ni 270 mara 2 mara 5, dola 2,700, na usisahau kodi ya hoteli upande huo ni asilimia 12.5, inafika 3,037 na senti. Chumba kimoja ni 1,350, na kodi yake 1,518 na senti 75. Umeokoa nusu na mama hajapungukiwa hata kijiko.

Najua atakachosema, kwahiyo mimi mwenyewe niwe nje? Ndio, atakuwa nje ya launji, maana wanaoingia ni walioandikishwa kwenye chumba cha klabu tu, hawaangalii nani kalipa. Mwambie kwa upole kwamba anayefanyiwa heshima hapa ni mkwe wake na heshima hiyo ameshaitimiza, yeye siku nzima yuko bustanini na wanae. Msiliongelee hili mama akisikia, maana akisikia tu kuna mtu amekatiwa kitu kwa ajili yake atakataa kupanda hiyo lifti. Na kama mume wako hataki kabisa kutengana, basi vyumba vyote viwili viwe vya klabu usiku 2 za mwisho peke yake, na siku hizo msinunue tiketi za bustani, mkae hotelini, watoto waogelee Uzima, mle launji asubuhi na jioni. Hapo tofauti ni 1,080, na kodi 1,215. Shida yake mnaweza kuambiwa mhame chumba katikati ya safari, mizigo wanawahamishia lakini mama ndo anahamishwa vilevile, na zile siku 3 za kwanza ambazo nyie mnatoka yeye anabaki bila launji. Mimi naona ya kwanza ni bora.

Pia mama msimnunulie tiketi za siku zote. Siku moja inamtosha, na iwe Animal Kingdom, muingie kwenye lile lori la Kilimanjaro Safaris linapita kwenye eneo la ekari 110 lenye wanyama, amekaa tu kwenye kiti chake. Viti vya magurudumu wanakodisha hukohuko bustanini, wahini asubuhi. Na mtoto wako mkubwa, angalia tarehe yake ya kuzaliwa vizuri, tiketi ya mtoto ni miaka 3 mpaka 9, akishatimiza 10 analipa ya mtu mzima.

Haya tuje kwa kaka.

Kaka hawezi kuingia launji. Sio suala la wewe kutaka au kutotaka, wanaangalia kadi ya chumba au ile bangili ya MagicBand ya mkononi, ambaye hayumo kwenye chumba cha klabu haingii, hata angekuwa analala chumba cha kawaida hotelini humohumo kama mume wako. Na usije ukaona huruma ukaanza kubeba masahani kuwashushia watu 5 kule chini, utamuweka mama kwenye aibu mbele ya wahudumu aliowazoea. Kosa lako ni moja tu, ulisema haya kaka ukakata simu, na yeye sasa hivi anapanga bajeti ya watu watano akijua chakula kipo. Kila siku unayokaa kimya unamuumiza. Angekuja kulijulia pale mlangoni, na mke wake na watoto wamesimama nyuma yake, hilo angelibeba miaka.

Mpigie wewe, sio mume wako. Usitume ujumbe. Mwambie hivi, kaka shikamoo, nimefuatilia ile habari ya launji, nimeambiwa wanaingia walioandikwa kwenye chumba cha mama peke yao, hata shemeji yako haingii, nimeona nikwambie mapema usije ukapanga kwa kutegemea pale. Hapo kwenye hata shemeji yako haingii ndo dawa yenyewe, na unaona faida nyingine ya kile chumba kimoja, kaka hatajiona ametengwa yeye na familia yake wakati mume wako anakula juu.

Halafu usimwache hapo, maana mtu aliyekulipia ada huwezi kumpa hapana kavu. Mkaribishe Boma. Boma ni bafe, iko wazi kwa mtu yeyote aliyebuku meza, sio lazima alale pale, mnakaa meza moja watu wote 10 na mama katikati. Meza zinaanza kubukiwa siku 60 kabla, na nyie wenye hoteli mkifika hiyo siku ya 60 kabla ya kuwasili mnaweza kubuku meza za safari yenu nzima kwa mkupuo mpaka siku 10 za kukaa, kwahiyo buku wewe, usimwachie yeye. Ile hela mliyookoa kwenye chumba cha pili, sehemu yake ikalipie hiyo meza, nyie ndo mlipe, mume wako apate pa kuonyesha ukarimu wake.

Na nadhani kaka anataka kitu kingine zaidi ya chakula ingawa hakukisema. Amesikia mama yuko Marekani na yuko kwako, mipango yote imepangwa kwako, yeye ameambiwa baadaye. Mpe siku yake na mama. Kuna siku nyie mtakwenda Magic Kingdom, siku hiyo mwombe kaka aje Lodge akae na mama, kuna sehemu nyuma ya Jambo House mnasogea mnaangalia wanyama, ng'ombe wa Ankole wenye zile pembe ndefu wapo pia, hapo hapahitaji launji. Watoto wake wamsikilize bibi yao. Na wewe kule bustanini utatulia maana siku 5 kumwacha mama peke yake kutwa nzima hapana, launji nzuri haifanyi kazi ya mtoto. Siku nyingine mmoja wenu arudi mchana, mpeane zamu.

Kwenye chakula nina mawili. Jioni kwenye launji wanaweka mvinyo na bia, na zimo kwenye bei, kwahiyo nyie msiokunywa sehemu ya hela yenu inaenda kwenye kitu msichogusa, ni sababu nyingine ya kutolipia vyumba viwili. La pili ni muhimu zaidi, kuna kitamu maarufu sana cha hoteli hiyo kinaitwa zebra dome, kidogo cha duara, cheupe na mistari ya chokoleti kama pundamilia, kinawekwa launji na Boma pia. Kinapendeza machoni na mama atakichukua wa kwanza yeye na watoto. Kina Amarula ndani yake, ni pombe ile. Mwonyeshe siku ya kwanza kabisa, mwambie mama hiki hapana. Na habari ya nyama halali andikeni mapema kwa hoteli kabla hamjafika, na mkifika muulizeni mpishi mwenyewe, pale wamezoea kuulizwa na wanajibu vizuri.

Kitu cha mwisho, kifanye leo kabla hujalala. Fungua buking yako uangalie kama chumba cha mama kimeandikwa savanna view. Kuingia launji na kuangalia wanyama ni vitu viwili tofauti, sio kila chumba pale kinaangalia nyasi, vingine vinaangalia bwawa au maegesho ya magari. Kama haijaandikwa piga simu wabadilishe, na kama kwa tarehe zenu vya klabu vyenye wanyama vimeisha, basi chukua cha kawaida chenye wanyama na launji muiache. Mama ametoka Tanga hajamuona twiga. Kibaraza chake kiwe na twiga.